Mwaka Tuliosusia Msiba

Sefu fundi baiskeli tulimzika Jumatano, na baada ya mazishi tukabaki uani kwake, wazee saba tuliosalia wa timu ya Furu, tumekaa kwenye mikeka huku wajukuu wake wakitupitishia chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Mwanzoni tulizungumza habari za marehemu kama inavyopasa. Halafu, kama ilivyo kawaida ya wazee waliowahi kupenda kitu kimoja, mazungumzo yakaingia mpirani. Mmoja akakumbuka fulana zetu za merikani zilizochuja rangi mvua ikinyesha. Mwingine akawataja wachezaji wote kumi na mmoja kwa namba zao, akapatia. Hamisi, aliyekuwa winga wetu wa kushoto na sasa haoni vizuri, akasimulia tena lile goli lake alilowafunga timu ya kiwandani, goli la lango tupu, na watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Kisha akaanza kuimba, kwa sauti yake ya kukwaruza, ule wimbo tuliomwimbia Petro kipa, wenzake wakaitikia, na mmoja akanigeukia: "Bibi Zuhura, si wewe uliyeutunga huu?" Nikasema ndiyo, ni mimi. Nikawauliza, "Na yule mtoto wa Petro aliitwaje?" Walitazamana. Hamisi akauliza, kwa dhati kabisa, bila hila yoyote, "Kwani Petro alikuwa na mtoto?"

Nimeamua kuandika kwa sababu ya swali hilo. Ule ulikuwa mwaka wa Uhuru, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimekwisha kuolewa na kuachwa, na nilikuwa nikiishi Kirumba kwa Mama Tabu, mjane aliyekuwa na nyumba ya vyumba sita yenye paa la madebe yaliyonyooshwa. Mimi sikuwa mpangaji wala mtoto wa nyumba. Nilipika, nilifua, nilichota maji ziwani, na kwa hayo nikapata chumba kidogo kilichopakana na jiko. Siku za mechi chumba kikubwa cha mbele kilikuwa kambi ya Furu. Jina la timu kwenye karatasi za bomani lilikuwa jingine, refu na la heshima, lakini mji mzima ulituita Furu, kwa jina la vile visamaki vidogo vyenye miba ambavyo maskini walikula na matajiri walivitupia paka. Walituita hivyo kwa dharau nasi tukalichukua. Sefu, mwenyekiti wetu, kijana wa miaka ishirini na saba aliyekuwa na vidole vyeusi kwa grisi, alipenda kusema kwamba furu ni wadogo lakini hakuna anayeweza kuwamaliza ziwani. Siku hizi kumpata furu mmoja ni kazi. Wakati ule hakuna aliyeweza kudhani.

Naweza kukiona chumba kile hata nikiwa nimefumba macho. Kuta zilipakwa chokaa, na migongo ya watu ilikuwa imechora mstari wa kahawia kwa usawa wa mabega. Viatu vya mpira vilipangwa chini ya dirisha, vimepakwa mafuta ya ng'ombe, na harufu yake ilichanganyika na harufu ya sato niliyekuwa namkaanga upande wa pili. Asubuhi wachezaji walikunywa uji na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, adhuhuri wakala wali, na huo wali ndio uliowafanya wanaume wazima, makuli wa bandarini na wachoma mkaa, wakae kimya kama wako msikitini. Nilipenda kusimama mlangoni na bakuli la mchuzi nikiwatazama. Lakini Furu haikuwa mpira tu. Wengi wetu tulikuwa watu wa kuja, Wakerewe, Wajita, Wasukuma, Wamanyema, mtu na chumba chake, ndugu wako mbali. Ukiugua, Furu ndiyo iliyokuja kukuuguza. Ukifa, Furu ilinunua sanda au mbao za jeneza, ikachimba, ikalala matanga. Ndiyo maana kila aliyejiunga aliapa mbele ya wenzake kwamba anayeiacha Furu na kwenda kwingine, Furu haitamjua tena, si kwa harusi wala kwa msiba. Tuliapa tukicheka. Nani angeondoka?

Petro alikuwa kipa wetu, Mkerewe mrefu mwenye mikono mipana, kuli wa bandarini, mpole kiasi kwamba watu walishangaa akiruka. Alipanga chumba kilichopakana na changu pamoja na mkewe Anastazia, ambaye sote tulimwita Mama Vero kwa jina la binti yao Veronika. Vero alikuwa na miaka mitatu. Alipenda kukaa jikoni kwangu akipanga magunzi ya mahindi safu mbili na kuyaita timu. Kifua chake hakikuwa kizima. Ikifika jioni yenye baridi ya ziwa kilianza kupiga filimbi, mbavu zikaingia na kutoka, na Mama Vero angeniita, "Zuhura, njoo unishikie," nami ningemshika mtoto wima huku yeye akichemsha majani ya mkaratusi. Tulikuwa tunakaribiana umri. Yeye ndiye mtu wa kwanza, tangu nilipoachwa, aliyeniuliza kama nimekula.

Ukuta kati ya vyumba vyetu haukufika paani, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Ilikuwa mwanzoni mwa msimu wa pamba, malori yanashusha marobota mjini kutwa, na kiwanda cha kuchambua pamba kilichokuwa upande wa pili wa mji kilikuwa kimeunda timu na kinatafuta kipa. Nilimsikia Petro akisema, "Wananipa kazi ya kudumu na chumba cha saruji."

"Na Furu?" Mama Vero aliuliza.

"Wana daktari wao. Anakuja mara mbili kwa wiki, na mtoto wa mfanyakazi anatibiwa. Mimi nitaendelea kumsikiliza mtoto akipiga filimbi mpaka lini?"

"Nimekuuliza Furu, baba Vero. Uliapa."

"Sefu ataelewa," alisema. "Nikimweleza, ataelewa."

Sefu hakuelewa, kwa sababu hakumpa nafasi ya kueleza. Petro alihama Jumapili moja asubuhi, vyombo vyake vikiwa juu ya mkokoteni, na kufika adhuhuri chumba cha mbele kilikuwa kimejaa watu wanaopiga kelele. Mmoja alisema amenunuliwa kwa pilau ya wazungu. Mwingine akasema amekwenda kulalia kitanda cha chuma. Mzee mmoja Msukuma alipiga fimbo chini na kusema, "Mpila gani huu wa kuuzana?" Sefu alisimama katikati, macho mekundu. Sasa ninaamini alikuwa ameumia kuliko wote, maana Petro alikuwa rafiki yake wa kula sahani moja. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli langu. Nilijua habari ya daktari. Nilijua habari ya kifua cha Vero. Ningeweza kusema maneno kumi tu. Badala yake nilikuwa na uchungu wangu mwenyewe, kwamba Mama Vero aliniaga kwa haraka, mkokoteni ukimsubiri, nikabaki na chumba kitupu upande wa pili wa ukuta. Na katika uchungu huo maneno yakanijia yakiwa na sauti yake kabisa, nikaimba:

*Petro kaacha lango,*
*Petro kafuata jungu,*
*Mwenye njaa hana ndugu,*
*Mwache azikwe na wazungu!*

Chumba kizima kikalipuka. Waliniimbisha mara tano, mara sita. Wanawake walipiga vigelegele, Hamisi akanibeba mgongoni akanizungusha uani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniita tena yule msichana wa kwa Mama Tabu. Waliniita Mwimbishaji. Nilikaa mbele ya wanawake wote uwanjani, nikifunga kitambaa cha buluu kichwani, na nikinyanyua mkono watu mia wanafungua midomo. Mtu ambaye hajawahi kuwa si kitu hawezi kujua utamu wa jambo hilo. Wimbo ulikwenda bandarini, ukaenda sokoni, watoto wakaurukia kamba. Nilisikia kwamba uliimbwa hata mbele ya geti la kiwanda, na nikafurahi.

Mvua za vuli zilianza mapema mwaka ule. Jumamosi moja asubuhi, siku ya mechi, wachezaji walikuwa wanakunywa uji na Sefu anagawa fulana, tukasikia hodi. Alikuwa Petro. Amevaa shati la kiwandani, limelowa na kumganda mwilini, na matope yamefika magotini. Hakuna aliyesema karibu. Alivua kofia akasimama pale pale kizingitini.

"Mwenyekiti," alisema, "nimeleta taarifa. Vero ametutoka alfajiri."

Mama Tabu alikuwa ameshika upawa. Niliuona uji ukidondoka kutoka kwenye upawa ule kidogo kidogo mpaka ukaisha.

"Pole," alisema Sefu, bila kumtazama.

"Naomba watu wanne wa kunisaidia kuchimba. Na kina mama wawili wakae na mama yake. Yuko peke yake na mtoto."

"Wenzako wa kiwandani wako wapi?"

"Wako zamu. Nimepewa watatu, na wao ni saa kumi jioni. Katekista atakuja."

Sefu aliikunja fulana aliyoishika, akaikunjua, akaikunja tena. "Petro, kiapo kile ulikisema kwa mdomo wako. Mimi sikukutia maneno."

"Nilikisema."

"Kwa harusi wala kwa msiba."

"Nilikisema, Sefu. Lakini mtoto hakuapa."

Watu wakatazama chini. Nadhani ilikuwa imebaki kidogo. Kama mtu mmoja angesimama, wengine wangesimama; nimeifikiria asubuhi ile kwa miaka mingi na nina hakika. Lakini kutoka nyuma ya chumba mchezaji mmoja, kijana tu, akasema, "Wimbo si umekwisha sema atazikwa na nani?" Akacheka. Hakuna aliyemfuata kucheka, ila maneno yalikuwa yameshatoka, na yalikuwa maneno yangu. Petro akanitafuta kwa macho mpaka akaniona pale mlangoni.

"Zuhura," alisema, "Mama Vero amesema nikuite wewe. Hata kama wengine hawaji."

Nilimtazama Mama Tabu. Alisema polepole, kana kwamba anazungumzia kuni, "Mwenye kwenda aende. Lakini akivuka kizingiti hiki asirudi kulala humu." Sikuwa na pa kulala pengine. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na ni kweli. Ni kweli pia kwamba kichwani nilikuwa nimefunga kitambaa cha buluu, na mchana ule watu mia wangekuwa wakiusubiri mkono wangu. Niliinama nikapuliza moto. Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa mtupu na kofia ya Petro ilikuwa imesahaulika chini. Sefu aliiokota, akaipangusa matope kwa mkono wake, akaitundika kwenye msumari, akatoka kwenda kusimama mvuani. Hakuna aliyemaliza uji. Mchana tulicheza, tukashinda. Niliimba.

Usiku wa siku ile sikuulizwa kitu na mtu, lakini siku ya tatu, tukichambua mchele, Mama Tabu alisema bila kutangulizwa na neno, "Mimi nimezika wawili. Wa kwanza alipokufa nilikuwa na siku tisa tu hapa mjini. Furu ndiyo iliyonizikia, wote wawili. Kaburi la pili walichimba kwa mikono, sululu ilikuwa imevunjika." Akatikisa ungo. "Wakinitupa mimi, nani atanifukia?" Hapo nikaelewa kwamba hakusema yale maneno kwa ukatili. Aliogopa kuliko mimi. Kuelewa hakukunisaidia. Mchele ulikuwa mbele yangu na sikuweza kutofautisha mawe na punje.

Wiki mbili baadaye tulicheza na timu ya kiwandani. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda mawe makubwa ya upande wa ziwa. Petro alikuwa golini. Walisema angeweza kuomba kupumzika akakataa, wengine wakasema meneja alikataa, sijui ukweli. Niliwaambia wanawake wenzangu kabla ya mpira kuanza kwamba leo ule wimbo tuuache, tuna nyingine. Walikubali. Lakini mabao hayakuja, na Petro alidaka kila kitu, mpira wa juu, mpira wa chini, hata mmoja aliouzuia kwa uso, na watu wakaanza kukereka. Kipindi cha pili wimbo ukaanza upande wa wanaume. Sikuuanzisha mimi. Nilisimama, nikapunga mikono, nikapiga kelele "Acheni! Acheni jamani!" na watu waliponiona nimesimama na mikono juu, wakadhani nawaimbisha, wakaongeza sauti. Mwache azikwe. Uwanja mzima. Mwache azikwe.

Mpira ulikuwa upande wa pili wa uwanja. Petro aliliacha lango lake. Hakukimbia, alitembea tu, kama mtu anayekwenda kuchukua kitu alichokisahau, akaja mpaka kwenye kamba iliyotutenga na uwanja, mbele ya wanawake, mbele yangu. Pua yake ilikuwa inatoka damu. Alisema kwa sauti ya kawaida, nikamsikia peke yangu, "Zuhura, mtoto ameshazikwa. Waambie wanyamaze."

Nyuma yake nilimwona Hamisi akija na mpira kutoka kushoto, lango likiwa wazi, akausukuma ndani kwa upole kama anayefunga mlango. Huo ndio ushindi ambao watu wa Kirumba waliusimulia kwa miaka. Walimrusha Hamisi juu, walivunja kamba, walinikumbatia, na katika fujo ile Petro akabaki katikati ya watu wanaoruka bila kuguswa na mtu, mpaka mwamuzi alipokuja akamshika mkono kumrudisha.

Hakucheza tena. Kiwanda kilimwachisha kazi, na kabla ya Uhuru yeye na Mama Vero walipanda meli kurudi Ukerewe. Niliambiwa na mchuuzi mmoja wa bandarini. Mimi sikwenda kuwaaga. Siku ya Uhuru yenyewe bendera zilipepea kila mahali, watoto walipewa peremende na vikombe vya bati, na Sefu alihutubia mashabiki wetu uwanjani akitueleza kwamba sasa sote ni ndugu, kwamba hakuna wa bandarini wala wa kiwandani, kwamba nguvu yetu ni umoja. Alizungumza vizuri. Katikati ya hotuba alikatiza, akanywa maji, watu wakamshangilia wakidhani ni furaha. Mimi nilimtazama vidole vyake. Vilikuwa vinaikunja na kuikunjua karatasi ya hotuba. Miaka yote iliyofuata, mpaka tumemzika, hatukuwahi kulizungumza jambo lile, ila hakuna msiba wa Mkristo wala Mwislamu hapa Kirumba ambao Sefu hakufika wa kwanza, na sululu yake mwenyewe begani. Watu walimsifu kwa moyo wake. Mimi nilidhani najua anachimba kaburi la nani.

Nilitoka kwa Mama Tabu mwaka mpya ulipoanza, nikafua nguo za watu, nikaolewa na fundi seremala, mtu mwema. Nikaacha kuimba. Timu nayo ilikufa baada ya miaka michache, kama zinavyokufa timu, bila siku maalumu.

Mama Vero nilimwona miaka kumi na mitatu baadaye, kwenye soko la samaki la Mwaloni, asubuhi. Alikuwa amekaa nyuma ya magunia mawili ya dagaa, amenenepa kidogo, kitambaa cheupe kichwani. Nilimpita, nikarudi. Nikamwita, "Mama Vero." Alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Nadhani jina hilo alikuwa hajaitwa kwa muda mrefu, maana baadaye nilisikia wenzake wakimwita Mama Joni.

Alinitazama. "Zuhura wa jikoni," alisema.

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya siku hiyo kwa miaka. Nikamwambia tu kwamba sikuja. Kwamba Petro alinifikishia ujumbe na sikuja.

"Najua hukuja," alisema. "Wale wengine sikuwasubiri. Nilijua hawaji. Nilikusubiri wewe. Maji nilikuwa nimeyapasha moto, nikasema ngoja Zuhura afike anishikie, yeye anajua kumshika. Yakapoa. Nikayapasha tena, yakapoa. Mara ya tatu nikamwosha peke yangu." Alipanga kopo lake la kupimia juu ya gunia, akaliweka sawa. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemweleza mwenzake njia.

Nikamwuliza kuhusu Petro. Alikuwa mzima, analima muhogo, haendi mpirani. Nikamwuliza kaburi liko wapi, nikasema ningependa kwenda. Akatikisa kichwa. "Kule wamejenga. Na hata kama pangekuwapo, siku yake ilikuwa ile."

Mteja alikuwa amefika, anasubiri na kikapu. Mama Vero akainuka kidogo, kisha akanigeukia tena. "Una watoto?"

"Ninao. Wanne."

"Wote wazima?"

"Wazima."

"Alhamdulillahi," alisema, yeye Mkristo, akinipa neno la kwetu, na akageuka kumpimia mteja dagaa.